Mzee, Kaa Kule Nyuma

Msomaji, baba yangu ni fundi viatu. Nimeianza habari hii kwa sentensi hiyo makusudi, maana ilinichukua miaka mingi kuweza kuitamka mbele za watu.

Nilipokuwa kidato cha pili rafiki yangu mmoja aliniuliza mzee wangu anafanya kazi gani. Nikamjibu, "Yumo katika biashara ya viatu." Sikudanganya, au sivyo? Viatu vipo na biashara ipo. Lakini niliona kabisa machoni pake kwamba ameshalijenga duka huko Kariakoo, lina vioo na feni na kijana wa kufungua maboksi. Nikamwachia duka lake. Baadaye nilipoingia kwaya ya vijana usharikani kwetu, duka lile nikalihamishia huko pia. Uongo wa namna hii ni mtamu kwa sababu hauna mahali pa kukukamata.

Sasa duka lenyewe lilikuwa, na hadi leo lipo, chini ya mwarobaini nyuma ya kituo cha daladala, Mabibo. Lina benchi moja la wateja, turubai la bluu la kuzuia mvua, na sanduku la mbao ambalo jioni baba hulibeba begani. Ndani ya sanduku mna nyundo, kisu cha kukatia soli, sindano yenye mpini wa mbao, uzi wa nailoni uliopakwa nta, kopo la gundi, kiwi nyeusi na kiwi ya kahawia, na vipande vya tairi. Na chini ya benchi zipo kandambili jozi mbili, za kumsitiri mteja anayesubiri kiatu chake. Ukipita pale utamwona karani wa benki kavaa suti ya kijivu na kandambili ya kijani, anasoma gazeti kana kwamba hayupo.

Kazi ya baba ina jambo moja ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mkubwa. Yeye anawaona watu kutoka chini. Sisi wengine tunaanza na uso, tunashuka kwenye shati, na mara nyingi hatufiki miguuni. Yeye anaanza na soli. Anajua nani anatembea upande mmoja kwa sababu nyonga inamwuma na hasemi. Anajua viatu vilivyoazimwa, kwa sababu mguu wa mwenyewe na mguu wa mgeni haviachi alama sawa ndani. Na hunieleza kwamba kiatu hakiharibiki kuanzia juu hata siku moja. Jasho linaoza uzi wa ndani, taratibu, mwaka mzima, huku juu kiwi inang'aa. Siku kikiachama mdomo kama mamba mwenye kiatu hushangaa, anadai kilikuwa kizima jana. Haya yote baba huyasema kuhusu viatu, wala hana nia ya kuhubiri. Mimi ndiye mwenye tabia ya kutafuta mafumbo kila mahali, si unajua sisi tunaojiita waandishi.

Mimi nilikuwa mtanashati. Niseme tu ukweli. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale yasiyompeleka mtu mahali popote, nikajitia katika mambo mawili: kuandika riwaya na kuvaa. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa Karume, soko lile la mitumba lililoungua Januari 2022, nikipekua marundo kabla jua halijawa kali. Nilijua kuchagua. Shati la shilingi elfu tatu nikilipiga pasi ya mkaa, ungesema limetoka Ulaya juzi kwa jina langu, na kwa kweli lilikuwa limetoka Ulaya, ila kwa jina la mtu mwingine. Jumapili nikisimama safu ya mbele ya besi, akina mama walikuwa wakiniambia, "Mwanangu, unapendeza kama mchungaji." Nami niliamini kwamba kupendeza kule ni sehemu ya ibada.

Kuhusu riwaya, ilikuwa na kurasa mia moja na kumi katika daftari tatu za kaunta. Na hapa naomba nimtaje mama mmoja wa usharika wetu, ambaye sitasema jina lake, kwa sababu zitakazoonekana mbele. Alikuwa na duka la vitenge na alikuwa akijitangaza mwenyewe: kilemba cha kuziba watu watatu nyuma yake, hereni za dhahabu, bangili za dhahabu, na kipini. Akipita kwenda kutoa sadaka ungesikia mlio. Nilimwingiza katika riwaya yangu na kumwita Bibi Dhahabu. Akawa ndiye adui mkuu, mnyonyaji, mnafiki wa kukesha. Niliandika hivi, na siku ile nilijiona nimefika: "Alikuwa kaburi lililopakwa chokaa, na chokaa yake ilikuwa dhahabu." Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo.

Basi, Desemba 2019 mdogo wangu wa kike akafikia kipaimara.

Kwa asiye Mlutheri nieleze kidogo. Kipaimara ni siku ambapo kijana aliyebatizwa utotoni anasimama mwenyewe mbele ya usharika, anaikiri imani yake kwa kinywa chake, kisha mchungaji anamwekea mikono. Kabla ya hapo anahudhuria mafundisho, kwetu yalikuwa ya miaka miwili, na kitabu chake ni Katekisimo Ndogo ambayo Martin Luther aliitoa mwaka 1529. Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana, yote kwa moyo pamoja na maelezo yake. Hiyo ndiyo kipaimara ya kwenye kitabu. Kipaimara ya mtaani ni gauni jeupe, saluni, mpiga video, keki, kadi za mchango, ukumbi kwa wenye uwezo na turubai uwanjani kwa sisi wengine. Wiki nzima ile mdogo wangu alikuwa akikariri usiku nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu. Amri ya nne ilikuwa ikimpiga chenga, kila mara anairudia. Kwa hesabu yetu Walutheri ya nne ndiyo ile ya kuwaheshimu baba na mama. Makanisa mengine huiita ya tano. Nilimfokea anyamaze, nilikuwa naandika.

Kwa baba wiki ile ilikuwa mavuno. Mtaa mzima ulitaka viatu. Jumamosi alifanya kazi kwa mwanga wa taa ya betri hadi saa saba usiku, na Jumapili saa kumi na mbili alfajiri walikuwapo watu watatu mlangoni kwetu, mmoja na kiatu kilichotoka kisigino usiku uleule. Akasema angewamaliza halafu atufuate. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimebanwa na gundi tangu Ijumaa, hakupata muda wa kuvishona. Mganga hajigangi.

Mimi siku ile nilikuwa katika kamati ya mapokezi, kazi yangu kuwaonyesha wageni pa kukaa. Mzee mmoja wa kanisa alituita pembeni kabla ya ibada akatueleza kwamba mabenchi matatu ya mbele ni ya wazazi, na kwamba mpiga video atakuwa upande wa kulia, hivyo tuangalie watu watakaokaa pale wawe nadhifu. Hakusema zaidi ya hayo. Sitaki kumbebesha yule mzee mzigo wangu. Mama alikuwa ameshakaa benchi la pili, kavaa kitenge chake cha sikukuu, na pembeni ameweka mkoba wake kumshikia baba nafasi. Aliyekaa upande wake wa pili alikuwa Bibi Dhahabu, kwa kuwa naye alikuwa na mjukuu wa kipaimara.

Baba alifika kengele ya pili ikilia. Nilimwona kutoka mbali akija kwa haraka, koti lake la kahawia, suruali aliyokesha nayo, mikono myeusi kwa rangi hadi kwenye vifundo, na miguuni katambuga. Katambuga, msomaji, zile ndala za tairi la gari. Alizikata mwenyewe. Na hapo mlangoni nilikuwa nimesimama na wanakwaya wenzangu wanne, wawili wao wasichana, mmojawapo akiwa ndiye niliyekuwa nikimwandikia mashairi. Wote wanne walikuwa wanalijua duka langu la Kariakoo.

Nina hakika baba aliliona jambo lile usoni pangu kabla sijafungua mdomo.

"Mzee," nilimwambia, "huku mbele kumejaa. Kaa kule nyuma, kuna nafasi."

Sikusema "baba." Nilisema "mzee," kwa ile sauti nzuri ya adabu tunayowapa watu tusiowajua. Alinitazama kidogo. Angeweza kusema, mwanangu, mama yako yuko wapi. Angeweza kuniuliza nina wazimu. Akasema, "Haya. Asante, kijana."

Kijana. Aliingia katika mchezo wangu bila kuuliza sheria zake. Alinisaidia kumkana. Akaenda akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wenye watoto wachanga, akaficha mikono katikati ya magoti.

Nikaenda mbele nikamwinamia mama. "Baba amekaa nyuma, anasema amechoka." Mama akautazama ule mkoba, akauchukua akaupakata. Bibi Dhahabu akageuka na kilemba chake kizima, akaangalia nyuma kwa muda mrefu, halafu akaniangalia mimi. Nikajisemea moyoni, mama mbea huyu.

Msafara ukaanza kuingia. Walikuwa watoto zaidi ya sitini wawili wawili, weupe tupu, pambio linaimbwa, mpiga video anarudi kinyumenyume. Msafara ulipita mlango wa nyuma, na mdogo wangu alipofika usawa wa benchi la mwisho akasimama. Akatoka kwenye mstari, akapiga goti na lile gauni la kukodi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nenda, nenda, unachelewesha watu."

Wote waliokuwa pale mlangoni walisikia. Nilisubiri dunia ianguke. Yule msichana wa mashairi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Kumbe baba yenu ndiye yule fundi wa kituoni? Jamani, si ndiye aliyenishonea mkoba wangu wa chuo, akakataa hela!" Alikuwa amefurahi kweli. Hakukuwa na dharau hata chembe. Nilikuwa nimemuuza baba yangu kwa watu ambao hawakuwa wananunua.

Na bado ningeweza kurekebisha. Ilikuwa ni hatua ishirini tu kwenda kumshika mkono na kumleta kwenye nafasi yake. Ibada ilichukua saa tatu na nusu, nilikuwa na saa tatu na nusu za kupiga hatua ishirini. Sikuzipiga. Wakati wa sadaka mabenchi yalipotolewa moja moja, la nyuma likawa la mwisho, na kanisa likiwa limeshatulia nikasikia tairi likigusa sakafu, pa, pa, pa, mpaka mbele, kisha kurudi.

Jioni chini ya turubai mama alimwuliza baba mbele ya wajomba, "Hivi kweli ulichoka ukashindwa hata kufika mbele?" Baba akajibu bila kuinua macho kwenye sahani, "Nilichoka. Nikaona nikae mlangoni nipate upepo." Pilau ile, ndiyo sherehe yenyewe tuliyoichangia miezi sita, ikanikwama kooni.

Ikapita Krismasi, ukaingia Januari 2020. Siku moja kalamu yangu ilibingirika uvunguni mwa kitanda cha wazazi. Nikainama kuitafuta nikakuta gunia. Ndani yake mlikuwa na viatu vya shule vyeusi, vidogo vidogo, si chini ya jozi thelathini, kila jozi imefungwa kamba pamoja na kikaratasi: namba ya mguu, na darasa. Vingine vimeshashonwa, vingine bado vimeachama. Nilidhani ni kazi ya mteja mkubwa. Nikafurahi, nikafikiri labda sasa tutanunua feni.

Jumamosi nikaenda mwarobaini kumpelekea baba chai. Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke aliyefunga kanga kiunoni, miguu ndani ya zile kandambili za wateja, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, anasugua kiatu cha mtoto kwa brashi. Masikio matupu. Nilipita karibu naye mara mbili bila kumtambua, kwa sababu sikuwahi kumtambua kwa uso. Alikuwa Bibi Dhahabu.

"Ee, mtoto wa fundi," alisema, "umekuja wakati mzuri. Shika brashi hiyo, baba yako anachoka."

Walikuwa wameifanya kazi ile kwa mwaka wa nne. Msomaji anakumbuka kwamba Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Likawa jambo jema, watoto wakajaa madarasani. Lakini sare na viatu vilibaki mzigo wa mzazi, na mtoto asiye na viatu hujificha nyumbani. Sijui mtu mzima gani asiyekumbuka aibu hiyo. Yeye alikusanya viatu vilivyochoka kwa wateja wa vitenge, na kwa wauza mitumba jozi zilizokataliwa. Alinunua gundi, uzi na kiwi. Baba alishona, bila malipo, usiku. Mwalimu mmoja ndiye aliyeleta namba za miguu na kuvigawa, na watoto waliambiwa vimetoka shuleni. Mama alijua. Mdogo wangu alijua. Mimi, mwandishi, mchunguzi wa maisha ya wanadamu, nililala mita mbili kutoka kwenye gunia lile kwa miaka minne.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta Bibi Dhahabu kanisani kwa hamu, nikitarajia sijui nini. Akaingia na kilemba kikubwa kuliko cha kipaimara, bangili zinalia, dhahabu haijapungua hata kipini. Na nikiri kwamba nilikasirika kidogo. Nilitaka avue. Baada ya kuujua wema wake nilitaka sasa aonekane kama watu wema wa kwenye riwaya yangu, wenye kanga iliyopauka na macho ya upole. Ningemwelewa kirahisi zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya sehemu nilizokuwa nikidhani nazijua. Ile ya Samweli kwenda nyumbani kwa Yese huko Bethlehemu kumtafuta mfalme tumehubiriwa wote tangu Shule ya Jumapili: Eliabu anapita, mrefu, mwenye umbo, Samweli anafikiri ndiye, naye anaambiwa asitazame kimo wala sura kwa kuwa Mungu hutazama moyoni. Wanapita saba. Anaitwa wa nane kutoka kwa kondoo. Tunamwazia Daudi kijana mchafu mwenye harufu ya zizi. Lakini mistari mitano tu baadaye Maandiko yanasema wazi kwamba Daudi naye alikuwa mzuri, ana macho ya kupendeza. Sijasikia mhubiri akilisimamia hilo. Mungu hakumkataa Eliabu kwa sababu ya urefu wake, wala hakumchukua Daudi kwa sababu ya samadi. Uso wa mtu haukuingia kwenye hesabu kabisa, uwe mzuri au mbaya.

Na waraka wa Yakobo, sura ya pili! Yule tajiri mwenye pete anaingia penye mkutano akapewa kiti kizuri, na maskini mwenye nguo chafu akaambiwa asimame kule au akae chini miguuni. Mimi niliwahi kuusoma waraka ule kwa sauti mbele ya vijana wenzangu, tena kwa mbwembwe, katika semina ya Pasaka. Nilipousoma tena mwezi ule niliona aibu kwa jinsi unavyofanana na zamu ya mapokezi. Hata maneno ya mlangoni yanakaribiana.

Hapa niseme kitu kingine pembeni. Pale Petro anapozungumza juu ya kusuka nywele na kujitia dhahabu, nasi tunasomewa kwamba pambo liwe la moyoni, kila mwaka huwa wanasomewa wasichana. Sijasikia kikisomwa siku wanaume wa kwaya wanapochagua suti. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa kukubali, nimevaa tai.

Januari ileile alifariki Euphrase Kezilahabi, na kwa sababu hiyo nikachukua tena *Rosa Mistika* yake ya mwaka 1971, niliyoisoma haraka haraka shuleni kama kijana anayetafuta kurasa fulani. Mara hii nilimwona Zakaria, baba yake Rosa. Mlevi, lakini mkali kupindukia juu ya binti yake asionekane na mvulana, hata barua tu inamletea Rosa kipigo. Anachunga mlango, ndani hakuna anayelea. Rosa anatoka nyumbani akiwa msafi machoni pa watu, na hajui hata namna ya kusema hapana. Nikafungua daftari zangu tatu za kaunta nikaanza kuhesabu. Majambazi wangu wote wana makovu. Matajiri wangu wote wana vitambi. Maskini wangu hawasemi uongo hata mara moja. Mhusika anayeingia na nguo chakavu, msomaji anajua papo hapo kwamba atapata thawabu ukurasa wa mwisho. Nilijidai napinga watu wanaohukumu kwa mavazi, kumbe nililigeuza shati tu, ndani nje. Bado nilikuwa nasoma shati.

Sikuichoma riwaya, kama wafanyavyo watu katika hadithi. Karatasi ni ghali. Niliandika nyuma ya kurasa zilezile.

Kumwomba baba radhi kulichukua muda zaidi. Nilijaribu mara tatu nikaishia kuuliza habari za gundi. Mwishoni mwa Februari, jioni moja nilimbebea sanduku, tukawa tunatembea kurudi nyumbani, giza limeanza kuingia, na giza linasaidia.

"Baba, ile siku ya kipaimara."

"Siku ipi?"

"Ile niliyokuita mzee."

"Kwani mimi si mzee?" Akacheka kidogo peke yake. Tukapita kwa muuza chipsi, tukapita msikiti, nikafikiri ameyamaliza hivyo. Kisha akasema, "Iliniuma. Ila nilikuona ulivyobanwa. Mtu kiatu kikimbana barabarani huwezi kumwuliza mengi palepale. Unamwacha afike."

Sikuwa na la kusema. Nikahamisha sanduku bega la pili.

Nilipomwambia kwamba nataka kuyaandika haya, alifikiri siku mbili. Habari ya gunia hakuitaka kabisa. Alisema kazi ile ikishaandikwa haitakuwa tena ileile, na mtoto aliyevaa viatu vile anaweza siku moja kuisoma akajitambua. Tulibishana. Yeye si mtu wa mabishano marefu, akanipa masharti: nisitaje shule, nisitaje usharika, nisitaje jina la mama wa watu, na nisimfanye yeye mtakatifu, "maana mama yako atasoma na anayajua mengine." Nimejitahidi. Kwa hilo la mwisho niongeze basi kwamba baba ana hasira za asubuhi, hukataa katakata kwenda hospitali, na miaka mitatu hakusemezana na mdogo wake kwa ajili ya mbuzi mmoja. Na bado sina hakika kama kuandika huku si suti nyingine ninayojivalisha, ya mtu aliyetubu. Wewe msomaji utaniangalia unionavyo.

Siku hizi Jumamosi hukaa mwarobaini tangu asubuhi. Nimejifunza kubandika soli na kupaka nta uzi. Kushona bado, mishono yangu inakwenda kama mlevi. Rangi nyeusi haitoki kwenye vidole hata ukisugua kwa mchanga na sabuni ya kipande, nayo huingia kwenye daftari ninapoandika.

Jumamosi moja alikuja mzee wa kanisa, yuleyule wa mapokezi, na jozi ya viatu vyeusi vya mchongoko. Akaketi kwenye benchi, akavaa kandambili, akanitazama kwa makini kama mtu anayekumbuka shati lakini halioni.

"Fundi," akamwambia baba, "naona umepata msaidizi. Kijana wa nani huyu?"

Baba alikuwa na uzi mdomoni. Angeweza kuutoa. Aliubana na meno akaendelea kukaza fundo, macho kwenye kiatu, na nikajua ananiachia mimi.

"Ni baba yangu," nikasema.

"Ahaa," akasema yule mzee, akanyoosha miguu. "Basi mkumbushe baba yako hivi navitaka leo kabla ya saa kumi, nina harusi."

Baba akautoa uzi mdomoni. "Amekwisha kusikia," akasema. "Nipe kisu."